Dondoo la uyoga si unga wa uyoga

Kwa mara nyingine wiki hii nimesikia uyoga uliokaushwa na kusagwa ukinadiwa kwa jina la "dondoo la uyoga", kinga ya mapafu kwa anayepikia kuni. Dondoo ni kile kilichotolewa ndani ya kitu kwa maji ya moto, alkoholi au kimiminika kingine, kikachujwa na makapi yakatupwa.

Neno lenyewe limetokana na kudondoa, yaani kuokota kimoja kimoja, kama kuku anavyodondoa mtama uliomwagika uani akauacha mchanga. Ndiyo maana kifungu kilichochaguliwa kutoka kitabuni nacho huitwa dondoo. Ndani ya kudondoa mna kuchagua, na penye kuchagua lazima kuna kinachoachwa, ilhali kusaga hakuachi kitu: unga wa uyoga una kila kilichokuwamo katika uyoga, pamoja na kitini, ile dutu ngumu ya kuta za seli ambayo tumbo letu huimeng'enya kwa shida.

Hata madondoo mawili ya uyoga uleule hayafanani, kwa kuwa maji ya moto huvuta zaidi beta-glukani, aina ya kabohaidreti iliyomo katika kuta za seli za uyoga, na alkoholi huvuta zaidi vitu vingine, zikiwamo baadhi ya kemikali za mimea na uyoga ziitwazo fenoli. Kwa hiyo mtafiti anayewalisha panya dondoo, akawavutisha moshi na kupima mchochota (uvimbe unaoletwa na muwasho) wa mapafu yao, huwa amepima dondoo lile tu, kwa kipimo kile, katika panya; matokeo yake hayahamii kwenye kopo la unga, wala si ushahidi kuhusu mapafu ya mpishi.

Jambo hili linanigusa kwa sababu moshi wa jikoni unaua: Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 3.2 mwaka 2020 kutokana na hewa chafu ya majumbani, na anayeamini kopo lile huenda akaahirisha kutafuta jiko lisilo na moshi. Tena uyoga wenyewe si kinga ya mapafu kila mara: baadhi ya wakulima wake huugua mchochota wa mapafu kwa kuvuta spora, yaani chembe ndogo mno za uzazi wa uyoga zinazopeperuka bandani.

Basi ndugu muuzaji, kilichosagwa tukiite unga wa uyoga, chakula kizuri cha kutia kwenye uji au mchuzi. Dondoo tuliache kwa kilichochujwa, na tunapolitaja tuseme limetolewa kwa maji au kwa alkoholi.