Je, wajua kwa nini damu ya mkimbiaji huisingizia dawa ya kolesteroli?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba anayemeza statini, yaani dawa za kupunguza kolesteroli, hana budi kuchagua kati ya kidonge na mazoezi, kwa kuwa dawa hizo "hula misuli". Ushahidi wangu ulikuwa mapaja yangu mwenyewe: nilikimbia kutoka Mkunguni, mjini Lamu, hadi kijiji cha Shela, nikaendelea juu ya mchanga wa ufukweni, na kipimo cha damu cha kesho yake kikaonyesha kreatini kinasi, kimeng'enya kitokacho kwenye misuli, iliyopanda mno. Nikailaumu dawa, nami nilikosea.

Kazi ya statini yenyewe ni nyepesi kueleza: huzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza kolesteroli, na ini likipungukiwa hujichotea zaidi kutoka kwenye damu.

Kreatini kinasi ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya misuli. Mtazame punda wa Lamu apitaye vichochoroni na magunia ya mchanga wa ujenzi: kila gunia linapogusa ukuta, chembe hupenya kwenye nyuzi na kuacha mstari chini. Anayeuona mstari ule atadhani gunia limeraruka, kumbe ni zima, limebanwa tu. Msuli uliofanyishwa kazi nzito huvuja vivyo hivyo kwa siku kadhaa, hata kwa mtu ambaye hajawahi kumeza statini. Gunia likiraruka kweli, mchanga hujaa njiani. Kwa binadamu hilo ni nadra, na dalili zake ni udhaifu mkubwa pamoja na mkojo wa rangi ya chai isiyo na maziwa, jambo la kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, dawa haiachiwi huru kabisa, kwani wakimbiaji wa marathoni ya Boston waliotumia statini walionekana kuvuja zaidi ya wenzao. Lakini ajabu zaidi ni utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020, uliohusisha watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara: walipopewa vidonge visivyo na dawa bila kujua, walipata takriban asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwa statini yenyewe.

Nilipumzika wiki moja, nikapima tena. Kreatini kinasi ilikuwa imerudi chini, na kidonge sikukiacha hata usiku mmoja.