Jinsi ya kuitambua maikrowevu ya zamani kwa masikio

Maikrowevu nyingi zinazoletwa kwenye karakana ya chuo chetu hapa Dodoma si mbovu. Zimehama na watumishi serikali ilipohamia huku, au zimenunuliwa mtumba. Kitabu cha maelekezo kilishapotea, na maandishi kwenye swichi yamefutika kwa kusuguliwa. Basi mwenye nayo anaiweka kwenye nguvu ya mwisho siku zote, kiporo cha wali kinakauka pembeni na katikati ni baridi, lawama anaitupia mashine.

Swichi ya nguvu ya mashine hizi si kama ya jiko la gesi, ambalo ukilipunguza moto unakuwa mdogo. Humu ndani magnetroni, kifaa kinachotoa mawimbi, ama inafanya kazi kwa nguvu zote ama imezima. Ukichagua nguvu ndogo, mashine inaiwasha sekunde chache, inaizima, inaiwasha tena. Zile za kisasa zenye inveta hupunguza nguvu kweli, sizizungumzii hapa.

Kwa hiyo sikiliza. Weka ndani bakuli la kioo lenye lita 1 ya maji (usiiwashe tupu hata siku moja), geuza swichi ya nguvu hadi chini kabisa, na ya muda kwenye dakika 3. Taa, feni na sahani vitaendelea muda wote, usivijali. Tafuta mngurumo mzito unaoanza kwa "tak" na kukatika kwa "tak" nyingine. Kwenye nyumba nyingine hata taa ya jikoni hufifia kidogo unapoanza. Hesabu sekunde za mngurumo, kisha za kimya. Mngurumo 5 na kimya 25 ni kama asilimia 17, ya kulainishia siagi. Mngurumo 10 na kimya 20 ni theluthi moja: hapo ndipo pa kuyeyushia barafu, mara nyingi alama ya pili kutoka chini. Nusu kwa nusu inafaa viporo. Mngurumo usiokatika ni nguvu kamili, ya maji na supu. Ukishajua, andika kwa kalamu ya wino mzito pembeni ya swichi.

Kuyeyusha ndiko kunakowashinda wengi. Barafu hupokea mawimbi haya kidogo sana, maji huyapokea kwa wingi. Perege wa Mtera akitoka kwenye friza, mahali panapotangulia kuyeyuka panageuka maji, panavuta mawimbi zaidi na kuanza kuiva huku pa jirani bado ni jiwe. Ndiyo maana mkia unakakamaa na mgongo bado umeganda. Zile sekunde 20 za kimya zinalipa joto nafasi ya kusambaa hadi ndani, kwa hiyo ukiharakisha kwa nguvu kamili umejiharibia mwenyewe.

Kwa nguvu hiyo ya theluthi, nusu kilo ya nyama, kwa mashine ya wati 700 au 800, huchukua dakika 8 hadi 10. Igeuze kila baada ya dakika 2 au 3, bandua vipande vinavyoachia, mwaga maji yanayotuama kwenye sahani maana nayo yanakula mawimbi. Itoe huku katikati yake kukiwa bado na barafu kidogo, iache dakika 10, kisha pika papo hapo. Usiirudishe friza ikiwa mbichi.

Hizo wati zimeandikwa kwenye kibati cha nyuma, mara nyingi mbili: kubwa ni umeme unaoingia (huo ndio unaokula LUKU), ndogo ndiyo inayofika kwenye chakula. Hapohapo angalia volti. Iliyotengenezewa soko la Japani ni ya 100, la Marekani 120, na umeme wetu ni 230. Ukiichomeka moja kwa moja imeungua.

Swichi ya muda ya kuzungusha haiaminiki chini ya dakika 2. Ipeleke mbele zaidi, kisha irudishe unapotaka.

Lakini kifuniko cha nje usikifungue, hata kama una bisibisi na umeshachomoa waya. Kapasita iliyomo, kifaa kinachotunza umeme, hubeba zaidi ya volti 2,000 na huweza kubaki na chaji baada ya umeme kukatwa. Hiyo mwachie fundi.