Je, wajua kwa nini besi hupotea ukipunguza sauti ya redio, ilhali ngoma ya mbali hukufikia ikiwa besi tupu?

Jumamosi jioni tulikuwa mazoezini na kwaya yetu hapa Shangani, Mtwara. Jua linazama, msikiti wa jirani unakaribia kuadhini magharibi, na kama ilivyo desturi yetu tukapunguza sauti ya spika. Fundi mitambo alishusha kitufe kimoja tu, kile cha sauti kuu. Kina mama wakaendelea kusikika, kinanda kikasikika, kayamba nayo ikabaki inachakarisha. Gitaa la besi likatoweka. Kijana anayelipiga akageuka: "Kaka, mbona umenizima?"

Hakuzimwa. Nilimshika mkono nikauweka juu ya spika, akahisi ubao unatetemeka kila anapogusa uzi. Besi ilikuwa inatoka, ila masikio yetu yalikuwa yameacha kuipokea.

Sisi watu wa kusini tunaijua pia hali iliyo kinyume. Msimu wa jando na unyago, ukilala Newala au Tandahimba, ngoma ya kijiji cha mbali hukufikia usiku ikiwa mdundo mzito peke yake. Vigelegele havifiki, wala maneno ya wimbo. Sauti imepungua kote kuwili, sasa mbona huku besi inakufa na kule ndiyo inayobaki?

Jibu la spika limo sikioni. Mtu aliyelipima kwa subira kubwa ni Harvey Fletcher, Mmarekani aliyezaliwa Provo, Utah, mwaka 1884. Alikuwa mwanafizikia katika maabara za simu za Bell, na kampuni ya simu ilitaka kujua sikio la binadamu linahitaji nini hasa ili lielewe maneno. Mwaka 1933 yeye na mwenzake Wilden Munson walitoa vipimo vyao. Waliwavalisha watu spika za masikioni, wakawasikilizisha mlio wa mitetemo 1,000 kwa sekunde, kisha mlio mwingine mzito au mwembamba zaidi, na kuwauliza: upi una sauti kubwa? Walirudia hivyo kwa milio mingi, kuanzia ya chini sana hadi ya kupasua kichwa.

Wakaona kwamba sikio halipimi kwa haki. Mlio wa mitetemo 1,000 tunaweza kuusikia ukiwa karibu na desibeli sifuri (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Mlio wa mitetemo 50, yaani besi nzito, unahitaji desibeli 40 na ushei ndipo uanze kusikika, na desibeli 40 ni nguvu mara 10,000! Lakini sauti ikiwa kubwa sana, pengo hilo husinyaa hadi desibeli kumi na kitu. Kwa hiyo spika ikifunguliwa sana, besi na kinanda huonekana kulingana. Ukishusha vyote kwa kiasi kilekile, besi ndiyo inayotangulia kuzama chini ya mlango wa sikio, yaani kiwango cha chini kabisa ambacho sikio linaweza kukisikia.

Sikio letu limeelemea upande wa milio ya mitetemo 3,000 hivi. Kitundu chake, chenye urefu wa sentimita 2.5 au karibu na hapo, huvumisha milio ya aina hiyo kama chupa inavyovuma ukiipuliza mdomoni. Kilio cha mtoto mchanga kina nguvu nyingi hapohapo. Na uzito wetu wa kusikia besi una faida: ziba sikio kwa kidole, ukaze mkono. Ule mngurumo unaousikia ni misuli yako mwenyewe. Masikio yangekuwa makali kwenye besi, tungeishi na kelele hiyo usiku na mchana.

Ngoma ya Newala ina sababu nyingine, nayo iko njiani. Hewa hunyonya milio myembamba haraka kuliko mizito, na majani ya mikorosho huitawanya. Usiku hewa ya chini ikipoa, sauti hupinda kurudi ardhini badala ya kupotelea juu. Ngoma imepigwa kwa nguvu mno, kwa hiyo hata baada ya kilomita kadhaa besi yake bado iko juu ya ule mlango.

Nampenda Fletcher kwa sababu hakuishia kwenye michoro. Miaka ya 1920 alisaidia kutengeneza mtambo wa kupima watoto shuleni wakiwa hadi 40 kwa mpigo: kila mmoja anavaa spika sikioni, santuri inataja tarakimu kwa sauti inayozidi kufifia, mtoto anaandika anachosikia. Anayeishia njiani ndiye wa kuangaliwa. Nawafikiria watoto tuliosoma nao, waliokaa nyuma wakaitwa wazito, na pengine walikuwa hawasikii tu.

Muziki nao aliuhudumia. Tarehe 27 Aprili 1933 okestra ilipiga Philadelphia, na watu wakaisikiliza ukumbini Washington kupitia vipaza sauti vitatu, nyaya tatu na spika tatu, kila ala ikisikika upande wake. Leopold Stokowski, kiongozi maarufu wa okestra hiyo, alimwachia mwingine kazi ya kuiongoza. Yeye alikaa Washington kwenye vitufe, akipandisha na kushusha. Siku ile alikuwa fundi mitambo.

Fletcher alikuwa pia muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, aliyeongoza waumini wenzake New York na kuandika masomo ya shule ya Jumapili. Alipoacha kazi Bell mwaka 1949 alirudi kufundisha, kwanza Chuo Kikuu cha Columbia, kisha chuo cha kanisa lake kule Provo alikozaliwa. Mwaka 1978, akiwa ameshapita miaka 90, bado alikuwa anachapisha utafiti, na utafiti wenyewe ulihusu ngoma kubwa ya besi! Alifariki mwaka 1981.

Nilimsimulia kijana wetu habari hizi tukiwa tunakunja nyaya. Fundi alikuwa anasikiliza pembeni. Sasa amebandika kipande cheupe cha plasta kando ya kitufe cha besi, kuonyesha pa kukipandishia kila tunaposhusha sauti kuu.