Kichocho, bandama, mshipa... na uvimbe wa figo unapita katikati yetu

Huku kwetu Tanga kila kinachovimba tumboni kina jina lake tayari. Mkojo mwekundu ni kichocho, mtoto kajaa ubavu wa kushoto ni bandama, mwanaume kavimba chini ni mshipa au busha, na ubaya ni kwamba mara nyingi jina linakuwa sahihi kweli, kichocho kipo, mabusha yapo, malaria ipo, ndo maana siku ambayo kitu ni uvimbe wa figo hakuna anayeshtuka. Mi niko maabara, mikojo ya watu ndo kazi yangu, kwa hiyo naanzia huko.

"Kukojoa damu ni kichocho tu, meza dawa." Kwa dogo wa Mkinga au Muheza anayeshinda mtoni sawa, anza na kichocho, na mkojo wake alete kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana maana mayai yanatoka kwa wingi muda huo, sio ule wa alfajiri ambao watu wanaukimbiza na kikopo wakidhani ndo bora. Ila mzee wa miaka 60 pale Makorora, mto hajaugusa tangu ujana, leo kakojoa damu na wala haumwi popote, anapewa vidonge vya kichocho famasi halafu basi? Hapana jamani. Mtu mzima akitoa damu bila maumivu anatafutiwa kwanza uvimbe wa kibofu na wa figo, mengine baadaye. Na hata kichocho chenyewe kikikaa miaka bila kutibiwa kinaweza kuleta kansa ya kibofu, kwa hiyo mwenye kichocho cha kweli naye akishameza dawa na damu ikarudi, akapigwe altrasaundi.

Halafu kuna wale wa "mbona ilikata yenyewe". Ndo tabia yake hiyo! Damu ya uvimbe inaweza kutoka siku mbili ikapotea miezi halafu ikarudi. Wiki ile mtu alikuwa anakunywa madafu, ikakata, dafu likapata sifa, akaambia na kijiwe kizima.

Sasa hii ya watoto ndo inaniuma. Mama anamuogesha mtoto wa miaka 3, mkono unagusa kitu kigumu ubavuni. Mtoto anacheza, anakula, homa hana. Bibi anasema hilo bandama, basi anapigwa chale, anapakwa dawa, anachuliwa na mafuta ya nazi asubuhi na jioni mpaka kitu kiwe kikubwa hata shati halifungi. Bandama la malaria lipo sibishi, bibi zangu msininunie, ila kuna uvimbe unaitwa Wilms, jina la daktari wa Kijerumani Max Wilms, ndo saratani ya figo inayoongoza kwa watoto, wengi wanaupata kabla ya kutimiza miaka 5 na mara nyingi hauumi kabisa. Kuchua ndo kosa kubwa hapo, maana uvimbe ule unapasuka kirahisi, ukipasuka seli zinamwagika tumboni, ugonjwa unapanda hatua na dawa zinabidi ziwe kali zaidi. Hata madaktari wenyewe wanakatazana kumbonyezabonyeza mtoto wa hivyo. Altrasaundi moja tu inatosha kuonyesha kama kitu kimetokea kwenye bandama au kwenye figo, haina sindano wala mionzi na siku hizi huhitaji kupanda basi la Dar kuipata.

Na anapona. Kemo, yani dawa za kuua seli za kansa, na operesheni, wengine wanaongezewa mionzi, nchi zenye uwezo karibu watoto 9 kati ya 10 wanapona. Kwetu hatufiki huko, na sio kwamba uvimbe wetu ni wa aina nyingine, ni kuchelewa, pamoja na wale wanaokatisha dawa katikati kwa sababu mtoto keshanenepa na nauli imeisha.

Mshipa. Kijana wa miaka 20 akiwa na mishipa imejaa juu ya korodani ya kushoto kama minyoo, ni kitu cha kawaida, mara nyingi hakina shida. Ila baba wa miaka 55 ikimtokea ghafla tu, na akilala hainywei, huyo apigwe picha ya figo. Damu ya korodani ya kushoto inapanda kwenda kumwaga kwenye mshipa mkubwa wa figo ya kushoto, uvimbe ukiziba mle damu inarudi inajaa chini. Wangapi wameambiwa wavae chupi ya kubana tu?

"Nimepima figo, ziko fresh." Hiki naulizwa kila mara, mtu ananionyesha karatasi ya kreatinini. Ile inapima kazi, yani figo zinachuja vizuri au la, haioni uvimbe. Mtu anaweza kuwa na uvimbe wa sentimita 10 upande mmoja na namba ikatoka safi kabisa, maana upande wa pili unabeba mzigo wote. Kuona uvimbe ni picha, sio damu. Na kiuno kuuma peke yake? Mara nyingi ni misuli na pingili za mgongo, uvimbe mwingi wa figo siku hizi unaonekana kwa bahati mtu akipigwa picha kwa sababu nyingine.

Kila uvimbe wa figo sio kansa pia. Vifuko vya maji vyenye ukuta mwembamba viko kwa watu wengi waliovuka miaka 50 na haviguswi. Hata uvimbe mgumu, ukiwa chini ya sentimita 4, takriban 1 kati ya 5 unakuta sio kansa, na mzee mwenye magonjwa mengine anaweza kuachwa nao akawa anapigwa picha kila baada ya muda.

"Chuma kikigusa, kansa inasambaa." Watu wana mfano mkononi, fulani alifunguliwa akafungwa, mwezi haukuisha. Alifika ugonjwa uko mapafuni tayari, kisu ndo kikabeba lawama. Kwa figo operesheni ndo tiba yenyewe ugonjwa ukiwa haujatoka. Kuchoma sindano kuchukua kinyama mara nyingi hata hakuhitajiki, siti skani ya kabla na baada ya kuchomwa dawa ya rangi inamwambia daktari mengi, na pale sindano inapohitajika kusambaa kwa njia ile ni nadra sana. Eti ukitolewa figo moja unaishia dialisisi? Gustav Simon alitoa figo ya mgonjwa kule Heidelberg mwaka 1869, baada ya kujaribu kwa mbwa kwanza, na mama yule akapona akaishi na moja. Siku hizi uvimbe mdogo unakatwa peke yake, figo inabaki, ila mwenye sukari au presha afuatiliwe kwa karibu.

Kemo nayo. Kwa mtoto wa Wilms inafanya kazi vizuri, kwa mtu mzima kansa ya figo ya kawaida haiisikii kabisa, iliyosambaa inapigwa na vidonge kama sunitinibu au sindano za kuamsha kinga ya mwili, na bei zake ni kilio.

La mwisho, "wameshautoa, yameisha". Kilichotolewa kinaenda patholojia, maabara ya kuchunguza nyama, ndani ya formalini, dawa ya kuihifadhi isioze, kopo la mdomo mpana na dawa ifunike nyama yote, sio spiriti wala maji. Ndugu mkikabidhiwa kopo msiende nalo nyumbani likakaa chini ya kitanda wiki tatu, nimeshaona. Jibu lile ndo linasema ni aina gani. Halafu picha za kifua na tumbo zinaendelea kwa miaka, kansa hii inaweza kurudi hata baada ya miaka 10. Na ukiandikiwa rufaa ya hospitali kubwa, KCMC ya Moshi au Muhimbili ya Dar, beba sidii yenyewe ya siti skani na jibu la patholojia, barua tu haitoshi, daktari wa upasuaji anataka kuiangalia ile picha kwa macho yake.