Diski Bandia au Kuunganisha Pingili za Mgongo

Mgonjwa anayeelezwa kwamba diski ya uti wake wa mgongo, yaani mto laini ulio kati ya pingili mbili za mifupa, imechakaa kiasi cha kuhitaji upasuaji huuliza mara nyingi kama atawekewa diski bandia au pingili zake zitaunganishwa, akidhani kwamba anachagua kati ya kipya na cha zamani. Ni kweli kwamba kuunganisha pingili kulitangulia: madaktari wa upasuaji Hibbs na Albee walichapisha taarifa za upasuaji huo mjini New York mwaka 1911, ilhali diski bandia ya Charité, iliyobuniwa Berlin, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004. Lakini umri wa njia hautusaidii kuchagua.

Kinachoamua zaidi ni viungo ambavyo mgonjwa hatajiwi mara nyingi. Pingili moja hukutana na mwenzake mahali patatu, yaani kwenye diski iliyo mbele na kwenye viungo viwili vidogo vilivyo nyuma, kulia na kushoto. Diski bandia, inayowekwa ili pingili ziendelee kusogea, huchukua nafasi ya kile cha mbele peke yake. Ikiwa viwili vya nyuma vimeshalika, mwendo uliohifadhiwa kwa gharama kubwa utaendelea kuvisugua, na maumivu yatabaki palepale. Kwa sababu hiyo, mwenye viungo vya nyuma vilivyochakaa, pingili iliyoteleza, au mifupa iliyodhoofika isiyoweza kushikilia chuma, kwa kawaida hashauriwi diski bandia, hata kama ana uwezo wa kuilipia.

Katika kuunganisha, diski huondolewa, mfupa wa kupandikiza huwekwa mahali pake na skurubu hushikilia pingili mpaka ziote na kuwa mfupa mmoja, jambo linalochukua miezi kadhaa na linaloweza kushindikana, hasa kwa mvutaji wa sigara. Pingili zikishaungana, diski za jirani hubeba mzigo zaidi na huenda zikachakaa mapema. Hoja hii ndiyo iliyozaa diski bandia, ingawa si haki kuutupia upasuaji lawama zote, kwa kuwa mgongo uliochakaa mahali pamoja huwa tayari unachakaa kwingine.

Shingoni, majaribio ya kitabibu yamekuwa mema kwa diski bandia: kwa diski moja au mbili, nafuu yake hailingani tu na ya kuunganisha, bali katika majaribio kadhaa waliolazimika kurudi chumba cha upasuaji walikuwa wachache zaidi. Hata hivyo, mfupa huweza kuota kuizunguka na kuikaza, na mgonjwa akajikuta ameunganishwa bila kukusudia. Kiunoni nina tahadhari zaidi. Diski huingizwa kupitia tumboni, kando ya mishipa mikubwa ya damu, na ikibidi kuitoa baadaye, kupita tena kwenye makovu hayo ni hatari kuliko mara ya kwanza.

Njia zote mbili hufaa zaidi pale picha ya MRI inapoafikiana na dalili, kwa mfano neva iliyobanwa inayopeleka maumivu mkononi. Maumivu ya mgongo pekee hayatabiriki vivyo hivyo. Kabla ya kutia saini, mwombe daktari akuonyeshe kwenye picha hali ya viungo vyako vya nyuma, na umuulize kama yeye mwenyewe hufanya upasuaji wa aina zote mbili.