Darasa katikati ya wimbi: tuliyoyaamini kuhusu Korona na ukweli wake

Shule za Kenya zilifunguliwa tarehe 3 Januari 2022 kwa muhula wa tatu, wimbi la Omikroni, aina mpya ya kirusi cha Korona, likiwa juu. Siku chache kabla ya hapo, zaidi ya sampuli 30 katika kila 100 zilizopimwa nchini zilikutwa na kirusi. Wiki moja baadaye Uganda nayo ikafungua madarasa ambayo, yote au baadhi, yalikuwa yamefungwa kwa karibu miaka miwili. Walimu tukarudi ubaoni na ndoo zetu za maji, barakoa zetu za kitambaa, na imani tulizozibeba tangu Machi 2020. Baadhi zilikuwa na ukweli nusu. Nyingine zilikuwa zimekwisha kukanushwa, ila habari hazikufika shuleni.

"Tukinawa mikono na kupima joto langoni, shule iko salama"

Hii ndiyo iliyotugharimu zaidi, kwa hiyo nikae nayo kidogo. Miezi ya mwanzo wataalamu wengi waliamini kwamba kirusi husafiri kwa matone mazito ya kikohozi na kwa vitu vinavyoshikwashikwa. Ndipo zikaja ndoo za koki, madawati yakapuliziwa dawa, na mwalimu wa zamu akakabidhiwa kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso. Maji na sabuni si hasara. Kuhara na minyoo havikwenda likizo. Lakini njia kuu ya Korona ni hewa ya chumba kisichopitisha upepo. Anayezungumza, na zaidi anayeimba, hutoa chembe ndogo mno zinazoelea kama moshi wa sigara na kuzidi kujikusanya kadiri muda unavyopita. Tarehe 10 Machi 2020, katika jimbo la Washington nchini Marekani, wanakwaya 61 walikutana kwa mazoezi ya jioni moja. 53 waliugua, wawili wakafa. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani halikulisema jambo la hewa waziwazi hadi 2021, na kufikia hapo tabia ya kunyunyiza dawa ilikuwa imeshaota mizizi.

Sasa mtazame mwalimu wa sekondari: anapaza sauti dakika 40 mbele ya wanafunzi 50, kengele inalia, anahamia darasa jingine kuanza upya. Kipimajoto hakina habari naye, kwa kuwa mtu huweza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya kuhisi lolote, na wengine hawapati homa kabisa.

Muhula ulioanza 26 Julai 2021 ulikumbana na wimbi la Delta, aina iliyotangulia Omikroni, na baridi ya nyanda za juu kwa wakati mmoja. Aliyewahi kukaa Limuru mwezi huo anajua kwa nini madirisha hufungwa. Na penye hatari kubwa kwetu, nadhani, hapakuwa darasani hata kidogo bali chumba cha walimu: meza moja ndefu, chai ya saa nne, mlango umerudishwa kwa sababu ya baridi, barakoa zimeshushwa kidevuni. Tuliwaogopa watoto huku tukipuliziana wenyewe kwa wenyewe.

Kabla shule hazijafunguliwa kikamilifu Januari 2021, waziri wa elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, alisema baadhi ya wanafunzi wangeweza kusomea chini ya miti. Alichekwa sana. Kama jibu la uhaba wa madarasa, kauli hiyo ilistahili kuchekwa, maana serikali ilikuwa imepata miezi tisa ya kujiandaa. Kama kinga dhidi ya kirusi cha hewani, mti ulikuwa bora kuliko kila tulichonunua. Wala si wazo geni: mwaka 1904 Wajerumani walifungua shule ya msituni huko Charlottenburg, karibu na Berlin, kwa watoto dhaifu waliohofiwa kupata kifua kikuu. Zahanati zetu nazo huwaketisha wagonjwa wa kifua kikuu nje, barazani. Palipokosekana mti, madirisha ya pande mbili yakiwa wazi pamoja na mlango yalifanya kazi kubwa, na hayakuhitaji zabuni.

"Barakoa inamnyima mtoto hewa"

Hapana. Oksijeni na hewa chafu hupenya kitambaa bila shida. Lawama ya haki ni nyingine: barakoa ile ile iliyovaliwa wiki nzima, imelowa mate, imeshuka chini ya pua, ilikinga kidogo sana.

"Watoto hawaambukizwi"

Waliambukizwa na waliambukiza. Kilicho kweli ni kwamba wachache sana waliugua vibaya. Lakini mtoto wa darasa la nne anayekohoa kidogo jioni anarudi kulala chumba kimoja na nyanya yake mwenye kisukari.

"Omikroni ni mafua tu, na aliyechanjwa akiugua basi chanjo ni bure"

Kwa mtu mmoja mmoja Omikroni ilikuwa nyepesi kuliko Delta, kwa sehemu kwa sababu wengi walikuwa na kinga tayari, ama kwa chanjo ama kwa kuugua kabla. Kinga hiyo dhidi ya kuambukizwa hupungua baada ya miezi kadhaa. Ile ya kuzuia ugonjwa mkali hudumu zaidi. Kwa hiyo mwalimu aliyechanjwa AstraZeneca mwaka 2021 akalala na homa Januari 2022, kisha akaamka na kurudi kazini, alipata alichoahidiwa.

Shule, hata hivyo, si mtu mmoja. Shule ya msingi yenye walimu tisa ikikosa watatu wiki moja, mwalimu mkuu huunganisha madarasa. Watoto 90 wanabanana chumba kimoja, na wimbi linapata njia mpya. Ugonjwa mwepesi unaoenda kasi huvuruga ratiba kuliko mkali unaokwenda polepole.

Wapo pia walioamini kwamba kujifukiza, au kupiga nyungu kama wasemavyo Watanzania, kunatibu Korona. Kulizibua pua tu. Kirusi kiko ndani ya seli, mvuke haukifikii. Lakini maji yanayochemka yanaweza kumuunguza mtoto.

"Shule zilipofungwa walimu walipumzika"

Nimeisikia hii kwenye matatu, sokoni, hata kanisani. Walioajiriwa na TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu, waliendelea kulipwa, ni kweli. Walimu wa bodi, yaani walioajiriwa na bodi za shule, na wa shule za binafsi, wengi walikaa miezi bila mshahara kuanzia Machi 2020. Huko Mwea shule moja iligeuza madarasa kuwa mabanda ya kuku ili isife, na picha zake zikazunguka dunia. Vipindi vya redio na televisheni vilikuwepo na vilisaidia, ila kwa mwenye redio, umeme na nafasi ya kusikiliza. Masomo ya WhatsApp yalitegemea simu ya baba, na baba alitoka nayo asubuhi. Mwalimu alituma maswali saa mbili, akapokea majibu saa nne usiku, bando likiwa lake.

Kisha likaja deni. Mwaka wa shule ulibanwa, mihula ikafupishwa, likizo zikakatwa, na kalenda haikurudi kuanza Januari hadi 2023. Mtaala uleule, wiki chache, wanafunzi waliosahau kugawanya. Anayetafuta pumziko katika hesabu hiyo anisaidie kulipata.

"Korona iliisha"

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura. Ugonjwa wenyewe halikuutangazia mwisho. Kirusi bado kinazunguka, na mwalimu mwenye homa na kikohozi bado anaulizwa kwa nini hakuja kumalizia kitabu cha Kidato cha Nne. Abaki nyumbani hadi homa iishe. Akilazimika kuja, avae barakoa, na chai yake anywee nje.