Kompyuta imegoma kuzima tangu uapgredi? Vua pazia kwanza

Mwalimu wa TEHAMA wa sekondari moja hapa Morogoro alinipigia simu siku chache baada ya kumaliza kuhamisha kompyuta za maabara yake kutoka toleo 22.04 la mfumo endeshi wa Ubuntu kwenda 24.04. "Fundi, mashine zinawaka vizuri, zinapiga kazi vizuri, ila hazitaki kulala."

Nikadhani anasema habari ya usingizi, ule wa kufunika laptopu. Kumbe hazizimi kabisa. Ukichagua kuzima, skrini inaingia giza, nembo inazungukazunguka, feni inaendelea kuvuma, na ukirudi baada ya dakika kumi unaikuta hivyohivyo. Mashine kumi na nne, zote ugonjwa mmoja. Dawa waliyokuwa wameipata ni mzee mlinzi: kila saa kumi jioni anapita na kushusha meni swichi ya chumba kizima. Habari imeisha.

Nilipofika nilimkuta mzee mwenyewe mlangoni. Shikamoo, marahaba, kisha akaniambia kwa sauti ya mtu mwenye uzoefu: "Hizi usihangaike nazo, mwanangu. Mimi nazimaliza kwa mkono mmoja."

Sikumbishia. Nilimwomba mwalimu azime mashine moja mbele yangu, na nembo ilipojitokeza tu nikabonyeza Esc. Mwalimu akashangaa, maana nembo iliondoka na nyuma yake kukawa na maandishi meupe yanapanda. Watu wengi hawajui kwamba ile picha nzuri ya kuzungukazunguka ni pazia. Waliiweka ili usiogope maandishi, na kwa siku za kawaida sina ugomvi nayo. Lakini mashine ikigoma, pazia ndilo adui wa kwanza. Mstari wa mwisho kwenye skrini ulisema hivi:

A stop job is running for /srv/kazi (43s / 1min 30s)

Sekunde zikawa zinahesabu. Arobaini na nne, arobaini na tano. Nikamwambia mwalimu, mgonjwa ameshataja anapoumwa.

Ili uuelewe mstari huo, inabidi ujue kuzima kompyuta ni kazi ya namna gani. Zamani haikuwa kazi. Kompyuta za enzi za AT, muundo wa zamani, zilikuwa na swichi ya kweli inayokata umeme, na waliotumia Windows 95 wanakumbuka yale maandishi ya rangi ya chungwa yakikwambia sasa ni salama kuzima. Mashine ilikuwa inasubiri mkono wako. Mwaka 1995 ukaja muundo wa ATX, ambao power supply yake inaweza kuzimwa kwa amri ya programu. Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba wakatoa ACPI, lugha ambayo mfumo endeshi unatumia kuzungumza na ubao-mama kuhusu umeme. Hali ya kuzimwa inaitwa S5. Kwa hiyo siku hizi unapobonyeza kitufe hukati kitu. Unatuma ombi. Mfumo unamaliza shughuli zake kwanza, halafu wenyewe ndio unaomba S5.

Shughuli zenyewe zina utaratibu. Fikiria mnavunja shughuli ya harusi usiku. Wageni wanaondoka kwanza, viti vya kukodi vinafuata, kisha turubai, na jenereta linazimwa mwisho kabisa, la sivyo mtafungua kamba gizani. Yaani kilichofungwa mwisho ndicho kinachofunguliwa kwanza. Kwenye Ubuntu msimamizi wa shughuli hii ni systemd, tangu toleo 15.04 la mwaka 2015. Yeye humwendea kila mmoja na kumwambia kwa adabu: jamani, tunafunga. Ishara hiyo inaitwa SIGTERM. Asiyeondoka anasubiriwa, na muda wa kawaida ni sekunde 90. Zikiisha anatolewa kwa nguvu, SIGKILL. Ndiyo maana ya ile 1min 30s. Ukiuona mstari huo nyumbani kwako, usishike kitufe. Subiri dakika moja na nusu, mara nyingi inazima yenyewe, na tayari umeshajua nani alikuwa anakuchelewesha.

Pale shuleni dakika moja na nusu ilipita na mashine haikuzima. Ikahangaika na mambo mengine mawili matatu, ikanyamaza, halafu baada ya dakika kadhaa ukaja mstari mwingine:

nfs: server 192.168.1.10 not responding, still trying

Hapo picha ilianza kukaa sawa. /srv/kazi ni folda ya pamoja wanamohifadhi kazi za wanafunzi. Haipo kwenye mashine husika. Iko kwenye kompyuta moja ya zamani iliyowekwa pembeni kama seva, na mashine zote zinaifikia kwa NFS, njia ya kushirikisha folda kupitia mtandao. NFS ina tabia moja ambayo mimi naipenda na kuichukia kwa kiasi kilekile: kwa mpangilio wake wa kawaida haikati tamaa. Seva isipojibu, inauliza tena. Na tena. Kwa data hiyo ni nzuri sana, kwa sababu kazi ya mwanafunzi haipotei eti kwa sababu waya umechomoka kidogo. Kwa kuzima ni balaa, kwa sababu mashine haiwezi kuiachia folda bila kuagana na seva, na seva haisikiki.

Ila seva ilikuwa hai. Niliifungua kutoka laptopu yangu, folda ikafunguka bila shida. Swali likawa: kwa nini mashine haimsikii mtu aliyekaa mita tatu kutoka kwake?

Nikaiwasha tena ile mashine, nikafungua dirisha la amri na kuandika:

journalctl -b -1 -e

Amri hii ndiyo ningependa uondoke nayo hata kama mengine yote utayasahau. Inakuonyesha kumbukumbu za mara iliyopita mashine ilipokuwa imewaka, na inakurusha moja kwa moja mwishoni, yaani kwenye dakika zile za kuzima. Ukiandika -b -2 unapata mara ya kabla yake. Usisome kila kitu, utapotea. Tafuta nani aliondoka kabla ya nani.

Nilisoma kwa kidole. Akaunti ya mwanafunzi inafungwa. Sekunde ileile, NetworkManager, msimamizi wa mtandao, anakata Wi-Fi. Ndipo mfumo unaanza kuiachia /srv/kazi. Jenereta limezimwa wageni wakiwa bado na sahani mkononi.

Sasa, kwa kawaida mtandao hauondoki kabla ya folda za mtandaoni kuachiwa. Utaratibu huo systemd anaujua vizuri. Mtandao ulioondoka na mtumiaji maana yake ni mtandao wa mtumiaji. Na hapa nilimuuliza mwalimu swali ambalo namuuliza kila anayeniambia kitu kimeharibika tangu aapgredi: siku ile uligusa nini kingine?

"Sikugusa kitu, fundi."

Nikamsubiri.

"Labda ile swichi ya mtandao tu. Umeme ulirudi na kishindo, ikaungua. Sasa nisingeweza kupakua bila mtandao, nikaziunganisha zote kwenye Wi-Fi ya ofisini. Ndiyo hiyo zinatumia mpaka leo."

"Uliunganisha ukiwa kwenye akaunti gani?"

"Ya wanafunzi. Ndiyo inayofunguka yenyewe."

Hapo tukawa tumefika. Akaunti ya wanafunzi haina mamlaka ya usimamizi, kama inavyotakiwa. Mtumiaji wa namna hiyo akiunganisha Wi-Fi, muunganisho unaandikwa kwa jina lake peke yake. Akitoka, nao unatoka. Ukiwa unasoma tu habari kwenye intaneti hutagundua kamwe. Ukiwa na folda ya NFS inayosubiri kuagana na seva, utaitafuta meni swichi. Wakati wa waya, kabla swichi ya mtandao haijaungua, mambo yalikwenda sawa kwa sababu muunganisho wa waya ulikuwa wa mashine nzima, si wa mtu. Kuapgredi kulikuwa kumepita tu njiani siku hiyo, kukabebeshwa lawama.

Kurekebisha kulichukua muda mfupi kuliko kueleza. Niliingia kwa akaunti ya msimamizi, mipangilio ya Wi-Fi, alama ya gurudumu mbele ya jina la mtandao, nikaweka tiki pale penye ruhusa ya watumiaji wengine, kisha nikaandika nenosiri upya ili lihifadhiwe na mfumo badala ya mfuko wa siri wa mwanafunzi. Wanaopenda amri:

sudo nmcli connection modify "JINA" connection.permissions ""

Kisha unafungua mipangilio na kuhakikisha nenosiri limehifadhiwa kwa watumiaji wote, maana amri hiyo inabadilisha umiliki wa muunganisho tu.

Na kwa kuwa simwamini mtu wala Wi-Fi, kwenye mstari wa folda ile ndani ya /etc/fstab, faili lenye orodha ya diski na folda za kuunganisha, niliongeza maneno haya mawili: x-systemd.automount na x-systemd.idle-timeout=60. La kwanza linafanya folda iunganishwe pale tu mtu anapoifungua. La pili linaiachia ikikaa sekunde 60 bila kuguswa, kwa hiyo mara nyingi kengele ya kutoka ikigonga folda imeshaachiwa zamani. Mashine ya kwanza ikazima kabla mwalimu hajamaliza kuvuta kiti.

Nimewahi kuona watu wakitibu hali hii kwa kupunguza zile sekunde 90 hadi 10 au 5 kwenye mipangilio ya systemd. Sipendi. Kuna huduma zinazohitaji muda huo kwa halali, hifadhidata kwa mfano, na ukizikata katikati ya kuandika utanitafuta kwa jambo kubwa zaidi.

Mashine ikishakwama kabisa na lazima izime, kuna njia ya katikati kati ya kusubiri na kukata umeme. Shikilia Alt na kitufe cha Print Screen, kisha bonyeza S, subiri kidogo, U, subiri, halafu O. S inamwaga kwenye diski data yote iliyokuwa bado kwenye kumbukumbu, U inaifanya diski isiandikike tena, O inazima. Ukitaka kuwasha upya badala ya kuzima, malizia na B. Mtandaoni utasoma mfuatano mrefu wa herufi sita. Kwenye Ubuntu baadhi yake zimefungwa tangu kiwandani, hizi nilizotaja zinafanya kazi.

Si kila mgomo wa kuzima ni huu, lakini. Ukivua pazia ukakuta mstari wa mwisho kabisa ni reboot: Power down na taa bado zinawaka, mfumo umemaliza kazi yake na ombi la S5 limefika kwenye ubao-mama likapuuzwa. Hapo acha kuchokoza Ubuntu. Angalia kama mtengenezaji ametoa toleo jipya la BIOS, programu ya msingi ya ubao-mama, na jaribu kuwasha kwa kerneli ya zamani, yaani kiini cha mfumo, ambayo kwa kawaida bado ipo kwenye orodha ya GRUB, menyu ya kuwashia, baada ya kuapgredi. Ikizima vizuri kwa ile ya zamani, umempata. Mashine inayozima kisha ikajiwasha yenyewe ni jambo jingine tena: mara nyingi ni ruhusa ya kuamshwa na mtandao au USB, nayo inaondolewa ndani ya BIOS.

Walio kwenye Windows, na najua ndio wengi, mshukiwa wenu wa kwanza anaitwa Fast Startup. Alikuja na Windows 8 mwaka 2012. Ukichagua kuzima, Windows inafunga programu zako lakini kiini chake inakilaza kwenye diski, ndani ya faili la hiberfil.sys, ili kesho kiamke upesi. Baada ya kuapgredi, draiva ya zamani, yaani programu inayoendesha kifaa, isiyojua kulala vizuri inaweza kukwama hapohapo: skrini nyeusi, feni inavuma. Kipimo chake ni rahisi. Kuwasha upya hakupitii njia hiyo, kwa hiyo ikiwa kuwasha upya kunakwenda vizuri lakini kuzima kunagoma, shika Shift wakati unachagua kuzima. Ikizima, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika powercfg /h off, halafu tafuta draiva mpya za mashine yako kwa mtengenezaji wake. Utapoteza hali ya kulala kwenye diski, lakini utalala wewe.

Tukirudi shuleni, kulikuwa na jambo moja ambalo halikuniacha nitabasamu. Meni swichi ya mzee ilikuwa inakata na seva pia, kila siku, ikiwa katikati ya kazi. Nilipoikagua, diski yake ilikuwa na makosa ya mpangilio wa faili ambayo ilibidi fsck, programu ya kukagua diski, iyarekebishe usiku mzima. Hakuna kazi ya mwanafunzi iliyopotea, kwa bahati tu.

Tukabadili utaratibu. Mashine za wanafunzi kwanza, seva baadaye, na swichi ya ukutani mzee anaishusha baada ya kuona taa zote zimezimika. Ukianza na seva, mashine zingine zitabaki zinamwita mtu aliyekwisha kulala, na mtarudi kule kule. Mwalimu alitaka kuchapa tangazo. Mzee akamwambia atamaliza wino bure, akachukua kalamu ya bodi, akaandika kwenye kipande cha boksi na kukibandika juu ya seva kwa gundi ya karatasi: HUYU ANALALA MWISHO.